Plasta Kwenye Mgongo wa Kamera

Usifungue. Hilo ndilo la kwanza, na kama hamtasikia jingine lolote kutoka kwangu, lisikieni hilo. Mnanijia hapa Tandika na kamera za babu zenu, mmezitoa kwenye masanduku na kuzipangusa kwa fulana, mnaniambia shikamoo bibi, tumesikia siku hizi kamera za filamu zinatafutwa, nasi tunataka kuuza. Marahaba. Lakini kabla hujakaa, kidole kimeshafika kwenye kile kitasa cha mgongoni, paa, umeachia, eti unionyeshe ndani palivyo pasafi. Mie hapo moyo unanilipuka. Miaka yote hii, bado unanilipuka.

Basi kaeni niwaambie kwa nini. Nyie kwenye simu mnapiga picha hamsini za sahani ya chipsi, mkikosea mnafuta. Sie picha ilikuwa moja, na filamu yenyewe ilipatikana kwa kujuana.

Kazi hii sikuanza na kamera, nilianza na rangi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na studio ya Mzee Kibwana ilikuwa pale Temeke, chumba cha mbele picha, chumba cha nyuma giza. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mteja akitaka rangi, alikuwapo mtu wa kuzipaka kwa brashi nyembamba. Mtu huyo mie, Zaina. Wiki yangu ya kwanza nilimpaka bwana harusi midomo myekundu sawasawa na bibi harusi. Nikamwendea Mzee Kibwana, nikitumaini ataificha. Akaitazama, akaitia kwenye bahasha, akanipa. Alisema aliyeharibu ndiye anayepeleka. Nikaipeleka mwenyewe mpaka Mtoni, na bwana harusi alicheka mpaka akakaa chini, lakini mama yake hakucheka hata kidogo.

Ndivyo alivyokuwa yule mzee. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa anakuachia kosa lako mikononi ulibebe.

Sasa kamera. Ile ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa na foleni ya sukari, na dukani kamera mpya huioni. Zilizokuwepo zilizunguka: ya mzungu anayerudi kwao, ya baharia, ya karani aliyehamishiwa bara. Mwenye nayo anamletea Mzee Kibwana, Mzee anamtafutia mnunuzi. Na kabla hajaipokea, anaiweka sikioni. Anabonyeza, anasikiliza. Alinifundisha hivyo hivyo: kwenye spidi ya nusu sekunde kamera nzima inasema taratibu, haikwami katikati, ikikwama, grisi imeganda. Kisha tochi kwenye lenzi, utazame ukungu, maana joto la Dar na unyevu wake huotesha ukungu kwenye kioo. Kwa hiyo kamera zetu zililala kwenye bati la biskuti lenye mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, na ole wako uupike ule mchele siku ya njaa. Niliwahi kuupika. Sitaki kulizungumza hilo.

Alikuwepo pia bwana mmoja wa Magomeni, alinunua kamera, akairudisha baada ya mwezi, amevimba. Picha zote watu hawana vichwa. Mzee akamwambia apige moja mbele yake. Yule bwana akainama kutazama kidirisha, na alipokuwa anabonyeza, akainua shingo amwangalie mtu kwa macho yake, na mikono ikashuka. Mzee akamwambia kamera ni nzima, mbovu ni shingo. Yule bwana alikuja kuwa rafiki yetu mkubwa.

Lakini mila ya Mzee iliyonishinda kuielewa mwanzoni ni hii. Mtu akileta kamera kuiuza, haiondoki mpaka kwanza yeye mwenyewe akae kwenye kiti, mbele ya kamera yake, apigwe picha nayo. Bure. Filamu ilikuwa adimu, nikaona ni ufujaji. Mzee akaniuliza, hivi Zaina, kwenye nyumba ya mwenye kamera, nani hayumo kwenye picha? Nikafikiri. Ni mwenyewe. Anapiga harusi, anapiga maziko, anapiga watoto wa jirani, yeye yuko nyuma ya kamera siku zote. Basi siku anayoiuza, angalau mara moja, ikae imtazame. Na mnunuzi naye anapata kuona kazi ya kamera, kwa hiyo hakuna hasara.

Siku ya mambo ilikuwa Ijumaa. Asubuhi alikuja mama mmoja wa Tandika, Mama Siwema, mwenyeji wa Lindi. Alikuwa ametoka eda wiki ile ile. Mumewe Bakari alikuwa kuli bandarini, na siku za mapumziko akipiga picha za mtaa. Nilimjua kwa sura, alikuwaga anakuja kununua filamu. Mama Siwema alileta kamera yake, ile tuliyoiita macho mawili, lenzi moja juu na moja chini, unaitazama kwa kuinama. Alisema anataka kununua cherehani, ana watoto watatu. Kamera ilikaa sandukuni miezi minne na siku kumi zote za eda, hakuna aliyeigusa. Mzee akamwambia arudi baada ya alasiri, kuna mwalimu kutoka Kinondoni anakuja kutafuta ya namna hiyo. Akaiweka mezani bila kuikagua, maana muda wa sala ya Ijumaa ulikuwa unakaribia, akaniachia duka akaenda msikitini.

Mwalimu akawahi. Mwalimu Elia, Mpare, mtu wa tai na suruali iliyonyooka, anafundisha sayansi. Alisema shule yao iliwahi kuwa na kikundi cha picha cha wanafunzi, kikafa kwa kukosa kamera, na yeye anataka kukifufua. Mie nikaona huu ndio wakati wangu. Nitauza kamera peke yangu, Mzee akirudi akute kazi imekwisha.

Nikaigeuza niipanguse. Mgongoni, kwenye kile kidirisha chekundu ambacho ndani yake unasoma namba ya picha, kulikuwa kumebandikwa plasta, ile ya kidonda. Nikadhani ni tundu limezibwa. Nikaona aibu, mwalimu asije akaona kamera yenye kiraka. Ili nimvute macho, nikasema haraka, tazama ndani palivyo pasafi, nikaufungua mgongo pale pale mlangoni, jua la saa saba limetuwakia.

Ndani kulikuwa na filamu.

Ningefunga haraka, ingekuwa nusu shari. Lakini mikono ilishikwa na kiwewe, nikajaribu kuikandamiza, roli ikachomoka, ikaanguka kwenye saruji, ikajikunjua mpaka kizingitini. Nikaiokota nikiikunja ovyo ovyo. Mwalimu Elia akasema kwa upole, "Dada, hiyo ilikuwa na picha." Akavaa kofia yake, akasema atarudi wiki ijayo.

Niwaambie ukweli, wajukuu zangu, maana mie si malaika. Nilipobaki peke yangu niliikaza ile roli, nikaifunga kwa uzi, nikaitia kwenye mkoba wangu. Kamera nikaifunga, nikairudisha mezani na plasta yake. Nikajisemea, nani atajua? Mwenye kujua kilichomo amekufa. Mjane hajui hata kama kulikuwa na filamu. Niliona nimeokoka.

Alasiri Mzee akarudi, na Mama Siwema akaja nyuma yake. Mzee akamweleza ile mila, kwamba mwenye kamera hukaa kwanza mbele ya kamera yake.

"Mwenyewe yuko makaburini, Mzee," Mama Siwema akasema. "Na kapiga mtaa mzima huyu, mie sina picha yake hata moja. Ya kwenye kitambulisho cha kazi waliirudisha ofisini kwao. Mwanangu wa mwisho hatamjua baba yake."

Akasema mwaka huu, siku ya Idi, Bakari alimpa kamera ashike. Alimwambia anza na mimi, ukikosea ukosee kwangu, halafu nitapiga watoto. Akambonyezea mara moja. Hakujua kama ilitoka. Yeye akacheka kidogo alipolisema hilo, akijiona mjinga kushikilia jambo dogo namna ile.

Mzee Kibwana akaichukua kamera, akaigeuza. Akaona plasta. Uso wake ukachangamka, sijapata kumwona vile.

"Mama, basi imo humu," akasema. "Plasta hubandikwa kuzuia jua lisiingie kwenye kidirisha. Mtu habandiki plasta kwenye kamera tupu."

Na akawa anatembea kwenda chumba cha giza nayo. Hatua nne tu. Nilizihesabu. Ningeweza kumwacha aingie, akute tupu, aseme, nimekosea, mama nisamehe. Nikamwona yule mwanamke ameinuka kwenye benchi, mikono yote miwili kifuani.

"Haimo," nikasema. "Ninayo mie."

Nikaitoa mkobani, nikasema yote, mpaka lile la kutaka kuificha. Sijawahi kuona haya kama siku ile. Mzee aliketi. Mama Siwema hakulia wala hakunitukana, na heri angenitukana. 

"Umeiharibu wewe, utaitoa wewe," akasema. "Mie nitakuja hapa kila siku baada ya adhuhuri, nitakaa kwenye benchi hili mpaka unipe jibu. Likiwa jibu baya pia nipe."

Mzee akaishika ile roli kwa vidole viwili, akaipima. Akanieleza taratibu, maana hata akikasirika alikuwa anafundisha. Picha ya kwanza hukunjwa ndani kabisa, kwenye moyo wa roli, na zinazofuata zinaizunguka juu yake. Jua limekula za nje. Kama mama alipiga ya kwanza kweli, na kama kule ndani hakukulegea, huenda ikawepo. Lakini dawa ya kusafishia hatuna.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Wiki tatu studio ilikuwa haina dawa, tunapiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wangoje. Ya kugandisha picha isifutike tulikuwa nayo tele, ya kutoa picha hakuna. Jumamosi nikaenda Keko, nikaenda Ilala, nikaenda Kariakoo kwa kila mwenye studio niliyemjua. Kila mtu alikuwa anangoja meli. Mmoja aliniambia bibie, kama ungekuwa unatafuta sukari ningekusaidia. Nikirudi, Mama Siwema yuko kwenye benchi, anashona kofia ya kiua kwa mkono, ananitazama mikononi. Jumapili vile vile. Nilikula kiapo nitaipata dawa hata kama nitaifuata melini.

Jumapili hiyo kulala sikulala, na alfajiri ndipo nikamkumbuka mwalimu. Alisema kikundi cha picha kilikufa kwa kukosa kamera. Hakusema kwa kukosa dawa.

Jumatatu basi halikuja, nikatembea mpaka Ilala ndipo nikapata, nikafika Kinondoni wanafunzi wako paredi. Mwalimu Elia aliponiona alidhani nimemfuata kwa habari ya kununua. Nikamwambia kilichokuwa kwenye ile roli. Hakuniuliza neno, akanipeleka kwa mkuu wa shule, tukaomba pamoja, na mkuu akatoa ufunguo wa kabati. Nyuma ya chupa za maabara kulikuwa na kopo la unga wa dawa, kutu imeula mfuniko. Ndani unga umeganda kama jiwe. Mwalimu akavunja kwa bisibisi. Unga ukiwa wa kahawia umekufa, ukiwa mweupe una uhai: hilo nililijua kwa Mzee. Juu ulikuwa wa kahawia. Katikati, bonge la ukubwa wa ngumi, lilikuwa jeupe.

Mwalimu alikuja nami mpaka Temeke, baada ya vipindi. Alisema ikiwa anainunua kamera hiyo, na hili nalo ni lake.

Sasa shikeni hili la ufundi. Dawa ya zamani usiijaribie kwenye picha unayoitaka. Mzee alinituma nikakate kipande cha ile filamu iliyochomwa na jua, kile cha nje kisicho na faida tena. Kilichopigwa na jua, dawa ikiwa hai, kitakuwa cheusi. Tukakitumbukiza kwenye kikombe mezani, mchana kweupe. Tukangoja. Mwalimu ameshika saa. Kikaanza kijivu, kikaenda kikiiva mpaka cheusi tii. Kwa hiyo ile sehemu niliyoiharibu ndiyo iliyotuambia kuwa dawa ni nzima.

La pili, maji. Ya bomba mchana yalikuwa ya moto, na maji ya moto huilegeza ngozi ya filamu ikabanduka ikabaki plastiki. Barafu ya kuipata wapi. Mama Siwema, aliyekuwa kwenye benchi siku zote zile bila neno, akauliza tu maji yanatakiwa baridi kiasi gani. Akaenda kwake Tandika, akarudi na ndoo ya maji ya mtungi kichwani, kafunika kwa sinia. Mzee akatia kidole, akasema haya ndiyo yenyewe.

Tukaziba mlango kwa mablanketi. Mzee alikataa kuishika filamu. Alikaa mlangoni kwa nje, akanihesabia dakika kwa sauti. Mie nikashika ncha mbili gizani, nikawa naipitisha kwenye bakuli, huku inapanda huku inashuka, mikono inauma, na nje nasikia sauti ya Mzee inahesabu na ya Mama Siwema inamsalia Mtume chini chini. Kisha maji, kisha dawa ya kugandisha. Nikafungua mlango, nikainua mkanda juu kwenye mwanga.

Mweusi. Mweusi, mweusi, mweusi. Picha ya nne nyeusi yenye kivuli cha miguu ya mtoto. Ya tatu nusu, ya pili watoto wawili kwenye mkeka. Nikashuka mpaka mwisho kwa kidole. Pembeni moto wa jua ulikuwa umelamba, lakini katikati kulikuwa na mtu.

Nilimsafishia mama picha hiyo siku iliyofuata, kwenye karatasi kubwa tuliyokuwa nayo. Picha ilikuwa imepinda, ukuta unaanguka upande mmoja. Bakari amevaa kanzu ya Idi, kichwa kipo, namshukuru Mungu, ila kikofia kimekatwa juu. Hatazami kamera kama watu wanavyotazama. Mdomo wazi, katikati ya neno, mkono wake wa kulia ameunyoosha mbele, kidole kinaelekeza. Nilisikitika, nikamwona hakukaa vizuri. Nikampa mwenye nayo nikisema samahani mama, ndivyo ilivyotoka.

Mama Siwema aliitazama. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anacheka.

"Ndiye," akasema. "Alikuwa ananiambia, si hapo, bonyeza hapo. Huyu mwanamume alinielekeza mpaka siku yake ya mwisho."

Mzee Kibwana alimuuliza kama bado anauza. Akasema anauza. Kamera haitawapa watoto chakula, cherehani itawapa, na Bakari mwenyewe angesema hivyo hivyo. Mwalimu Elia alikuwa amesimama na kofia mkononi. Mzee akafungua bati la mchele, akatoa filamu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya siku ya shida, akaiingiza. Kisha hakuishika kamera. Alinielekeza mie kwa kidevu.

Mwaniuliza kwa nini namwambia kila anayekuja kuuza, azungushe kwanza kile kirungu cha kupelekea filamu, kikiwa kizito aache, na akiona plasta asiibandue wala asiguse kitasa. Mnadhani ni ukali wa uzee. Nimeuza kamera nyingi baada ya ile, nyingine nzuri kuliko ile, lakini kila ninapoinama kutazama kidirisha, namwona yule mama.

Siku ile alikaa kwenye kiti, kajitanda kanga, picha ya mumewe kaishika magotini ikitazama mbele. Nikainama. Nikakawia kubonyeza, naye akaona. Akanyoosha mkono wake wa kulia, vile vile, kidole mbele.

"Bonyeza hapo," akasema. "Halafu usifungue."

Nikabonyeza.